Mkate wenye ukungu na mesaji ya simu

Masomo: Yoshua 9:3-16 na 1 Wafalme 21:1-19

 Tunawasalimu ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio chini ya parasoli kwenye kabine, na ninyi wamama mnaofunga vitu sokoni Kadutu huku redio iko pembeni. Sisi wawili, mume na mke, tumeombwa kusema leo na wale wenye biashara ndogo. Hatukusoma mambo ya mashine. Tuna butike moja ya unga, sukari na mafuta, na simu mbili. Lakini simu hizo zilitufundisha jambo, na tulilipa masomo yake.

Fungueni Yoshua sura ya 9. Wagibeoni walikuwa majirani wa karibu kabisa, lakini walitaka Israeli waamini kwamba wametoka inchi ya mbali. Walifanya nini? Hawakuja na maneno matupu. Walikuja na vitu vya kuonyesha: magunia yaliyochakaa juu ya punda, viriba vya divai vilivyopasuka na kushonwa, viatu vyenye viraka, mkate uliokauka wenye ukungu. Na angalieni mstari wa 7, wahubiri wengi wanaupita haraka. Israeli hawakuwa wajinga. Waliuliza: labda ninyi mnakaa katikati yetu? Mashaka walikuwa nayo. Lakini mkate uliletwa, wakaushika kwa mikono, wakauangalia, na mashaka yakaisha. Mstari wa 14 unasema walipokea chakula kile na hawakuuliza shauri kwa Bwana.

Ushahidi ulikuwapo, ndugu. Shida ni kwamba uliletwa na yule mwenye haja. Kama Yoshua angetuma vijana wawili waende kuangalia, wangejua ukweli kuhusu Gibeoni.

Sasa tuwaelezee ya kwetu. Ilikuwa saa kumi, mvua inanyesha, butike imejaa watu. Mtu mmoja mwenye adabu alitaka mifuko mitatu ya sukari, dola 180. Akasema feza iko ndani ya simu, atatutumia. Akabonyeza simu yake, na mara moja yetu ikalia. Mesaji ilikuwa nzuri: umepokea dola 180, saa fulani, namba ndefu ya kazi, na feza inayobaki. Tukasoma, tukamwambia asante papa, vijana wakabeba mifuko mpaka kwenye pikipiki. Hata tulimbariki.

Usiku tukahesabu. Ndani ya simu palipungua dola 180.

Hapa ndipo aibu yetu inaanza. Mesaji ya yule mtu tuliiamini, kwa sababu tuliiona kwa macho yetu. Basi kama feza iliingia na sasa haipo, kuna mtu aliyeitoa. Nani anajua namba ya siri? Sisi wawili, na binti aliyetusaidia kazi, mtoto wa kanisa letu, anaimba korali. Namba tulimpa sisi wenyewe ili asitusumbue kila mara wakati tuko chumba cha nyuma. Tulimwita usiku ule. Alilia, akaapa. Sisi tukaona machozi yake kama ya mwizi aliyekamatwa. Kesho yake hakuwa na kazi, na Jumapili iliyofuata kiti chake katika korali kilikuwa kitupu. Watu walipouliza, hatukusema kitu, lakini kunyamaza kwetu kulisema.

Israeli walijua ukweli kisha siku tatu. Sisi tulikaa wiki tatu. Jirani wetu anayeuza nguo alikuja analia kwamba amedanganywa, akatuonyesha mesaji yake. Tukaiweka kando ya yetu. Maneno yaleyale, hata kosa la kuandika lilikuwa lilelile. Ndipo tulipoangalia juu, mahali pa jina la aliyetuma. Mesaji za kweli za feza zinakuja na jina la huduma yenyewe. Hii ilitoka kwa namba ya kawaida, kama namba ya mtu yeyote. Tukaingia katika menyu ya simu, tukatafuta kazi za siku ile. Hakuna dola 180 iliyoingia. Haikuibiwa kutoka kwetu usiku. Haikuwahi kufika.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalowaambia ninyi wenye butike na kabine ni hili: mesaji si feza. Mtu akisema ametuma, ingia wewe mwenyewe katika menyu ya huduma yako, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, uulize kiasi kinachobaki, kisha linganisha na kile ulichokuwa nacho. Ni nusu dakika. Usiangalie simu ya mnunuzi, usiangalie picha aliyopiga. Huo ni mkate wake. Na jina la aliyetuma nalo lisikutoshe, kwa maana wadanganyifu wanajifunza kila siku, na jina pia linaweza kuigwa. Kama neti ni mbaya na menyu haifunguki, mali ibaki dukani mpaka ifunguke. Mnunuzi wa kweli atanuna kidogo, kisha atangoja. Mwenye haraka sana mvua inaponyesha, huyo mwangalie mara mbili.

Kuna wa namna nyingine. Anapiga simu: mama, nimekosea namba, feza yangu imeingia kwako, nirudishie tafadhali, mtoto yuko hospitali. Na mesaji kweli imefika. Moyo wa mkristo unataka kurudisha upesi. Angalia kiasi chako kwanza. Mara nyingi hakuna kilichoingia, na wewe unataka kumtumia feza yako mwenyewe ukifikiri unatenda haki. Hata kama imeingia kweli, mwambie aende kwa kampuni yake waifuate kwa njia yao.

Sasa 1 Wafalme 21. Ahabu alitaka shamba la mizabibu la Nabothi, akakataliwa, akaenda kulala akageuza uso. Mke wake Yezebeli akaandika barua. Kwa jina la nani? La Ahabu. Akaipiga muhuri wa nani? Wa Ahabu. Wazee wa mji walipoona muhuri ule hawakuuliza zaidi. Nabothi akapigwa mawe. Na Bwana alipomtuma Eliya, alimtuma kwa Ahabu, mwenye muhuri, akamuuliza: umeua na kutwaa? Ahabu hangeweza kusema mimi sikuandika.

Muhuri wako leo ni namba ya siri. Yeyote anayeijua anaandika barua kwa jina lako. Tulizoea kuhubiri jambo hili upande mmoja tu: usimpe mtu namba, atakuibia. Ni kweli, na mtu wa kampuni ya simu hana sababu ya kukuuliza namba hiyo. Anayekupigia na kuiomba ni mwizi, hata akijua jina lako lote. Lakini upande wa pili tuliujua kwa kumuumiza mtoto wa watu. Ukimpa mfanyakazi namba yako, umemwondolea kinga. Siku feza ikipotea, hana namna ya kuonyesha kwamba si yeye. Binti yule angekuwa hajui namba, hakuna aliyeweza kumshitaki. Tulimpa namba tukaita kuaminiana, na namba hiyohiyo ikawa shahidi wa uongo juu yake.

Kama unahitaji msaidizi apokee malipo, mpe simu yake ya kazi, yenye kadi yake na namba yake, na feza kidogo ndani. Jioni mnahesabu pamoja. Na kadi ya simu ya biashara iandikishwe kwa jina lako, kwa kitambulisho chako, si cha shemeji aliyekuwa karibu siku ile.

WhatsApp nayo ina muhuri. Ukipata namba sita kwa mesaji, na mtu wa kundi la likelemba au hata la maombi akakuandikia kwamba namba hizo zimekuja kwako kwa makosa, umpe, usimpe. Ndizo ufunguo wa kuchukua akaunti yako. Kisha ataandika kwa wote unaowajua, kwa picha yako, kwamba umefiwa unahitaji dola 50. Ndani ya mipangilio kuna uhakiki wa hatua mbili, uuweke. Na ukipokea ombi la feza kwa maandishi, hata likitoka kwa mchungaji, piga simu usikie sauti. Mchungaji mwema hatakasirika.

Kuhusu kusema na wanunuzi, tuseme machache. Ukiweka picha ya mali kwenye statusi, andika bei. Mnunuzi hapendi kuitwa pembeni kama anayeambiwa siri. Andika kama ni dola au franka, na kama usafiri uko ndani, kwa maana ugomvi mwingi wa mashua ya Goma unaanza hapo. Sauti ya dakika tano hakuna anayeisikiliza sokoni. Sema bei na siku, maliza. Kuna WhatsApp Business, ni ya bure, inakuruhusu kupanga picha za mali na bei zake na kuacha jibu kwa anayeandika usiku. Na madeni ya mtu usiyaweke kwenye kundi. Umwandikie yeye peke yake, kwa heshima. Mmoja wetu aliwahi kufanya hivyo kwenye kundi la wamama, na hatutasema ni nani kati yetu.

Hayo yote yakiwa ndani ya simu, kumbukeni umeme wetu mnaujua. Simu inazimika, inaanguka ndani ya maji, inaibiwa. Kwa hiyo kaye na biki. Kila jioni andika mistari mitatu: feza ya mkononi, dola mbali na franka mbali, feza ya ndani ya simu kama menyu inavyosema, na wenye madeni. Andika pia namba za wanunuzi wako wakubwa. Kama tungekuwa tumeandika asubuhi ile kiasi cha simu, tungeona saa kumi na moja ileile kwamba dola 180 hazikuingia.

Tulikwenda kwa wazazi wa binti tukiwa na mzee mmoja wa kanisa. Tulipeleka mshahara wa wiki tatu. Baba yake alipokea kiti tu, feza hakuigusa mpaka tulipokwisha kusema mambo yote wazi, na majirani wakiwapo, kama alivyotaka. Mama yake alituuliza swali moja: mlimuuliza Mungu usiku ule, kabla ya kumfukuza? Hatukuwa na jibu. Tuliomba usiku ule, ndiyo, lakini tuliomba feza irudi.

Binti alitusamehe mbele ya korali, naye anaimba tena. Kazini kwetu hakurudi. Ana kabine yake sasa, na tunapompelekea wateja anawauliza wangoje, anaingia kwanza katika menyu.

Jumapili kisha ibada ya pili, vijana wawili wa korali watakaa karibu na mlango wa nyuma kuwasaidia wamama na wazee kuweka uhakiki wa hatua mbili na kuonyesha mahali pa kusoma kazi za siku. Njooni na simu yenye moto. Namba ya siri utaiandika wewe mwenyewe, na kijana atageuza uso.