MSOMI ANA DENI KWA NANI? Utandawazi na Elimu ya Juu



Katika sherehe ya miaka mia moja ni desturi kuhesabu majengo yaliyojengwa, wachungaji waliotumika na watoto waliobatizwa. Yafaa kuhesabu pia wasomi waliotoka katika nyumba za washarika, na kisha kuuliza swali lisilo jepesi: wasomi hao wana deni kwa nani? Hotuba hii ina neno moja tu la kusema. Utandawazi umebadilisha mambo mengi katika elimu ya juu, lakini badiliko lililo kubwa kuliko yote ni katika jibu la swali hilo.

Neno lenyewe linaunganisha kutanda na uwazi. Maana yake ni hali ya bidhaa, fedha, habari na watu kuvuka mipaka kwa wepesi, kiasi kwamba uamuzi uliofanywa mbali humgusa mtu aliye shambani kwake. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba katika Afrika Mashariki chuo kikuu kilizaliwa kikiwa na uso wa kigeni. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikaingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na wahitimu wake wakatunukiwa shahada za London. Chuo cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, nacho kilianza chini ya mwavuli huo huo, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake. Kuanzia mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, hadi mwaka 1970 kila nchi ilipochukua cha kwake.

Kwa hiyo vitabu vya kigeni, walimu wa kigeni na mitihani ya kigeni havikuletwa na utandawazi wa siku hizi. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Makerere, kisha Edinburgh huko Uskoti, akarejea nyumbani mwaka 1952. Ugeni wa elimu haukumpoteza, kwa sababu alijua ni nani waliokuwa wakimngoja.

Baada ya Uhuru, aliyemngoja msomi alikuwa taifa. Serikali ililipa masomo, chakula na malazi. Fedha hizo zilitoka katika kahawa, pamba na katani, yaani katika jasho la watu ambao wengi wao hawakupata kuliona lango la chuo. Ndiyo maana Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa baada ya masomo, zaidi ya 300 walifukuzwa chuoni; na Mwalimu akapunguza mishahara ya viongozi, akianza na wake mwenyewe. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza kwamba kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Wapo walioona kuwa ukali huo ulipita kiasi, na hoja zao si za kupuuzwa. Lakini hakuna msomi wa siku hizo aliyeweza kusema kwamba hajui nani amemsomesha.

Hali hiyo haikudumu. Bei za mafuta zilipanda, mazao yakashuka thamani, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaiacha hazina ikiwa tupu. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na uchumi ukaanza kufunguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama za elimu ya juu. Milango ikafunguliwa kwa vyuo vikuu vya binafsi na vya dini, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania likaanzisha Chuo Kikuu cha Tumaini, ambacho Makumira, mahali walipofundishwa wachungaji kwa miongo kadhaa, pakawa mojawapo ya vyuo vyake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikawafikia walimu na watumishi wasioweza kuacha kazi na familia. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi.

Mema ya mabadiliko hayo yasifichwe. Wako mabinti na vijana wengi ambao, kwa nafasi chache za zamani, wasingepata kamwe kuvaa joho. Lakini mkopo ni mkopo. Humfuata mhitimu hadi katika mshahara wake, na humfundisha pasipo maneno kwamba elimu ni mali aliyoinunua yeye mwenyewe. Aliyenunua kitu kwa fedha yake ana haki ya kukiuza anapopata bei nzuri. Hapo ndipo jibu la swali lilipoanza kubadilika.

Wakati huo huo soko lenyewe lilikuwa likipanuka. Mwaka 2000 wanafunzi waliokuwa wakisoma nje ya nchi zao duniani walikuwa takriban milioni 2. Miaka ishirini baadaye walikuwa wamepita milioni 6. Mwaka 2009 mkonge wa mawasiliano uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na masomo ya vyuo vya Marekani na Ulaya yakaweza kufuatwa kwa simu. Mwaka 2023 taasisi mashuhuri ya teknolojia ya India, IIT Madras, ilifungua tawi Zanzibar, likiwa tawi la kwanza la taasisi hizo kuwa nje ya India. Zamani mwanafunzi alivuka bahari kuifuata shahada. Leo shahada nayo huvuka bahari kumfuata mwanafunzi.

Kila soko huja na mizani yake. Tangu mwaka 2003 wataalamu wa Shanghai wamekuwa wakitoa orodha ya vyuo vikuu bora duniani, na kati ya vipimo vyao ni idadi ya washindi wa Tuzo ya Nobel na makala zilizochapishwa katika majarida mawili, *Nature* na *Science*, yote ya Kiingereza. Mizani hiyo hupima jambo la kweli. Haiulizi, hata hivyo, kama chuo kimemsaidia mkulima kuushinda ugonjwa wa migomba, wala kama mkunga aliyefundishwa humo yuko katika zahanati ya kijiji. Chuo kikipimwa kwa mizani moja tu, huanza kulima kile tu kinachopimwa.

Lugha nayo imo katika hesabu hiyo. Huko Leipzig na Bayreuth, Ujerumani, Kiswahili hufundishwa chuo kikuu. Na mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Lakini mwanafunzi wa Kitanzania wa udaktari au kilimo hujifunza taaluma yake kwa Kiingereza, kisha hulazimika kuitafsiri upya anapokaa na mgonjwa au mkulima. Asipopata mtu wa kumzoeza, maarifa hubaki katika daftari.

Yapo pia mambo yanayowagusa wazazi moja kwa moja. Vita vilipoanza Ukraine Februari 2022, wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa huko, wakiwamo wa udaktari, walilazimika kukimbia na kuacha masomo njiani. Ng'ombe au kiwanja kilichouzwa nyumbani kiliingia hatarini kwa vita ambavyo mzazi hakuvijua. Na msomi anayemaliza salama huitwa na hospitali za nchi tajiri. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuzitaka nchi zisiende kuchota watumishi wa afya katika nchi zenye upungufu mkubwa. Lakini kanuni hizo ni za hiari, na mshahara mkubwa una sauti kubwa.

Je, basi, mlango ufungwe? Hapana. Utandawazi humdhuru anayekwenda sokoni akiwa mnunuzi tu, lakini humheshimu aliye na kitu cha kutoa. Ushahidi uko Morogoro. Tangu mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kimeshirikiana na APOPO, shirika lililoanzishwa na Wabelgiji, kuwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya hao wamesafisha mashamba ya Msumbiji na Kambodia. Mwaka 2020 mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Wazo na fedha vilitoka nje. Mnyama, ujuzi wa kumtunza na mikono ya kumfundisha vilikuwa vya Morogoro. Huo ndio ushirikiano ambao kila upande unatoka na kitu mkononi.

Washarika wapendwa, katika sharika nyingi mkungu wa ndizi au kuku hunadiwa baada ya ibada, na fedha ya mnada imewahi kumlipia ada mtoto wa jirani. Mnada huo ni mdogo mbele ya soko la dunia, lakini una nguvu ambayo mkopo hauna: humpa mtoto majina na nyuso za watu anaowadai shukrani. Usharika unaoingia karne yake ya pili unaweza kuigeuza desturi hiyo kuwa mfuko wa kudumu wa elimu ya juu, wenye sharti moja la wazi: kila aliyesaidiwa amsaidie mwingine. Aliye karibu na aje awafundishe wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo. Aliye Dubai, London au Chicago na aone kwamba mkonge ule ule uliopeleka masomo ya kigeni hadi kijijini unaweza kuleta somo lake pia. Na mzazi anayeletewa habari za chuo cha ng'ambo na wakala asiyemfahamu, aulize kwanza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo hicho kinatambuliwa, kabla hajauza shamba.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Lakini hawezi kulipa asiyejua anadaiwa na nani. Serikali itamkumbusha msomi deni la Bodi kila mwisho wa mwezi. Deni lile jingine, la jirani aliyenunua mkungu kwa bei mara mbili ili mtoto asiye wake asome, halina karani wa kuliandika isipokuwa usharika wenyewe.