Tanuru Si Maigizo

Historia ya zama za chuma mnaijua, sitaipitia. Kilichonipandisha jukwaani ni kauli niliyoisikia tukiwa mezani, kwamba kujenga upya tanuru la kale ni maigizo, wala si akiolojia.

Aliyeitamka alimsifu papo hapo Mwingereza Peter Connolly, aliyeunda upya tandiko la pembe nne la wapandafarasi wa Kirumi. Namsifu pia. Wengi waliamini kwamba mpandafarasi asiye na vikuku angeyumba akipiga mkuki, naye akaonyesha jinsi pembe zile zinavyomshika mtu mapajani. Lakini Connolly alikuwa na nini? Mabaki ya ngozi, pembe za shaba nyeusi, michongo ya makaburini. Mrumi wa kumuuliza hakuwapo.

Sasa twendeni Buhaya, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1976, na hapa mtanivumilia. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge tena tanuru, miongo mingi tangu kazi hiyo iachwe. Wakachimba shimo, wakachomea humo matete, wakainua kuta kwa udongo wa kichuguu, wakaizamisha mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuru, mivukuto ikaanza kuvuma. Majaribio ya mwanzo yakagoma. Mpinzani wangu hushangilia hapo: wamesahau! Naam, walisahau. Kisha wakabishana, wakarekebisha, chuma kikapatikana. Ubishi ule wa wazee ni ushahidi ambao Connolly asingeupata kwa fedha yoyote.

Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mirija ile ilipasha hewa kabla haijafika motoni, na kwamba wahunzi wa Ziwa Viktoria walifanya hivyo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Manfred Eggert akapinga, J. E. Rehder akapinga: mrija hauwezi kupasha hewa kiasi hicho. Hoja zao nimezipima, ni nzito. Nami bado naamini hewa ilipashwa. Utotoni nilivuta mivukuto kwa mhunzi mmoja kule milimani. Hakuwa na kipimajoto, aliitazama springi ya lori ikibadilika rangi, akinikemea, “Bado, wewe, vuta!” Watu wa jicho kama lile hawatengenezi mirija kwa jasho, kisha wakaizamisha motoni ncha ziyeyuke, bila faida wanayoiona.

Dakawa, kaskazini mwa mji huu, Randi Haaland na Msuya walichunguza mabaki ya ufinyanzi na uhunzi wa kale. Wayeyushaji wake hatuna wa kuwauliza. Huko sisi ndio akina Connolly. Basi kiangazi kijacho naomba kichuguu kimoja, matete ya Mto Wami, wanafunzi wasioogopa masizi, na vipimajoto viwili: kimoja kwenye mdomo wa mrija hewa inapoingilia, kingine kwenye ncha inapotokea. Rafiki yangu wa mezani ndiye atakayevisoma.