Jina na Kiumbe: Uundaji wa Istilahi za Chachu Mpya za Maradhi

Mwaka 2009 watafiti wa Japani walitangaza spishi mpya ya chachu iliyopatikana katika tundu la sikio la mgonjwa mmoja jijini Tokyo. Waliiita Candida auris, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya sikio. Miaka miwili baadaye, taarifa kutoka Korea Kusini zilionesha chachu hiyohiyo katika damu ya wagonjwa. Baadaye ilibainika pia katika damu ya wagonjwa jijini Nairobi.

Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba jina la kisayansi hutambulisha kiumbe, halikifafanui. Mfasiri atakayeandika “chachu ya sikio” atamwelekeza muuguzi sikioni, ilhali hatari kubwa imo damuni, na kiini chenyewe hukaa katika ngozi ya mgonjwa na juu ya vitanda vya wodi.

Utambuzi nao umekuwa na utata. Vipimo vinavyotazama aina za sukari zinazotumiwa na chachu viliwahi kuichukulia Candida auris kuwa Candida haemulonii. Kosa hilo lina gharama, kwa kuwa Candida auris mara nyingi haidhuriwi na dawa ya flukonazoli, tena huambukizwa kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine hospitalini. Kwa sababu hiyo, wataalamu hutegemea mfuatano wa DNA au mashine zinazotambua chachu kwa protini zake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la kwanza la kuvu zinazohitaji kushughulikiwa kwa haraka. Mwaka 2024 wanataksonomia waliihamishia katika jenasi mpya, Candidozyma. Jina la jenasi likabadilika, auris ikabaki.

Je, Kiswahili kifanyeje? Kinayo maneno mawili, hamira na chachu. Hamira, lenye asili ya Kiarabu, limefungamana mno na mkate na maandazi. Chachu lina mzizi mmoja na kitenzi kuchacha, na chakula kilichochacha kila mpishi hukijua kuwa kimeharibika. Neno hilo, basi, limekwisha kubeba manufaa na madhara pamoja, nalo linafaa kuwa istilahi ya kundi zima. Jina la spishi libaki la Kilatini, bila kutafsiriwa, na maelezo ya mahali kiini kinapokaa na namna kinavyoenea yaandikwe kwa Kiswahili fasaha kando yake. Kwa njia hiyo, hata jenasi ikibadilishwa tena, muuguzi hatapotezwa na jina.