Wanafunzi Wakija na Futi Mkononi, Tuwaambie Ukweli

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Siku hizi vikundi vyetu vinapata wageni wa aina nyingine. Si watu wa siasa wala wa mikopo. Ni wanafunzi wa vyuo vikuu, wanne watano hivi, wana daftari na futi. Mwalimu wao amewatuma: tafuteni shida ya kweli, iwe ya kiwandani, hospitalini au kijijini, mtengeneze kifaa cha kuipunguza. Wanauliza mnapukuchua mahindi vipi, maji mnachota wapi. Baada ya miezi kadhaa wanarudi na kitu cha chuma na kuuliza, "Mnaonaje?" Nasi, kwa sababu ni wageni na chai tumeshawapikia, tunajibu, "Ni kizuri sana, asanteni." Wakishaenda kitu kinaingia stoo, na kuku wanapata mahali pa kutagia.

Wacha tuwape habari ya kiti cha magurudumu. Mwaka 2005 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, Amos Winter, alikuja Tanzania kuangalia viti ambavyo walemavu wanatumia. Aliona jambo ambalo ninyi mnalijua bila kusoma: kiti cha hospitali ni cha sakafu. Kwenye mchanga, matope na mlima kinakwama. Ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono inakwenda mbali, lakini nyumbani haiingii.

Yeye na wanafunzi wenzake wakabuni kiti chenye vyuma viwili virefu vya kusukuma, kimoja kila upande, vilivyounganishwa na cheni. Ukishika juu ya chuma unapata nguvu ya kupanda mlima. Ukishika chini unapata mwendo wa barabara nzuri. Yaani gia ni mkono wako mwenyewe. Ukivuta nyuma ni breki. Na sehemu zinazozunguka ni za baiskeli, ili fundi yeyote wa baiskeli pale sokoni aweze kukitengeneza. Hapo walifikiri vizuri sana, kwa maoni yetu, kwa maana vifaa vingi vya msaada hufa kwa kukosa spea moja tu.

Mwaka 2009 wakakileta kijaribiwe Kenya, Uganda na Tanzania. Njiani kilifanya kazi. Lakini wenye kukikalia hawakusema "asante" wakanyamaza. Walisema ni kizito. Walisema ni kipana, mlangoni ni taabu. Mtu hashindi barabarani kutwa. Lazima aingie kwake, asogee mezani. Fikirini hao wanafunzi, kazi ya miaka, halafu unaambiwa hivyo! Lakini walirudi kwenye karakana. Kiti kilichojaribiwa Guatemala mwaka 2010 kilikuwa chepesi kwa karibu kilo 9, na chembamba kama kiti cha kawaida. Vile vyuma vya kusukuma vikawa vya kuchomoa, unavipachika pembeni, unaingia ndani. Mwaka 2011 kikajaribiwa India. Baadaye walianzisha kampuni, na leo hata Wamarekani wenyewe wananunua kiti cha jamii hiyo. Malalamiko ya watu wa huku yalifika mbali.

Kuna wengine wa chuo kikuu cha Stanford, hukohuko Marekani. Mwaka 2007 walipewa kazi ya kutafuta namna ya kuwatia joto watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Mmoja alipokwenda Nepal alikuta hospitalini mashine za joto za msaada zimekaa tupu, kwa kuwa watoto wanazaliwa vijijini, mbali. Wakatengeneza kifuko cha kumfunika mtoto, chenye kitu kama nta kinachopashwa moto kisha kinatunza joto kwa saa kadhaa. Walipokionyesha kwa akina mama India, mmoja alisema ukweli wake: akiambiwa kipimo ni 37 atashusha mpaka 30, kwa sababu dawa za kisasa ni kali na anamhofia mtoto. Wale vijana wakaondoa namba. Wakaweka alama ya kuonyesha tu kama joto linatosha au bado. Huyo mama angeitikia kwa adabu, mtoto wa mtu angepata baridi.

Basi wakija kwenu, wapeni chai, lakini waulizeni. Kikivunjika, spea iko wapi, na ni pesa ngapi? Mkimaliza masomo, nani atarudi? Mnatuachia michoro, ili fundi wetu wa jua kali aunde kingine? Tena msiwaachie wenye viti wa kikundi peke yao kujibu. Anayepukuchua mahindi ndiye ashike mashine, mbele yao, nusu siku, si dakika tano za kupigwa picha.

Vikundi vinavyotarajia wanafunzi likizo hii, tuleteeni majina ya wanachama wawili watakaokaa nao, na angalau mmoja awe mama. Haya, maswali. Mzee wa pale nyuma, tunakuona.