Zaka ya Mkulima na Mvua Iliyobadilika

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu,

Sheria yetu imeweka zaka ya mazao kwa vipimo viwili. Shamba linywalo mvua hutolewa fungu moja katika kumi. Linalomwagiliwa kwa gharama, moja katika ishirini. Hekima yake twaifahamu: maji ya mvua hayana bei, ya kisima yana jasho na gharama.

Lakini mvua yenyewe imebadilika. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika katika Somalia, kusini mwa Ethiopia, na kaskazini na mashariki mwa Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 9 ikafa. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba joto la dunia, litokanalo na moshi wa makaa na mafuta, liliukausha udongo na kuuzidisha ukame. Mwishoni mwa 2023 nchi hizo hizo zikapatwa na mafuriko. Wala si wakulima hao walioijaza anga moshi.

Tazameni basi hasara iendavyo. Ukame ukiingia, mahindi hupanda bei na mbuzi hushuka; mfugaji huuza wengi apate chakula kichache. Mkulima hukopa anunue pampu na mafuta yake, na msimu ufuatao humkuta na deni pasipo mbegu. Jana alikuwa mtoa zaka. Leo mazao yake hayafiki nisabu, naye ameingia katika safu ya wanaostahiki kupewa.

Yatupasa mambo matatu. Mwenye duka asifiche nafaka akingoja bei ipande. Hiyo ni ihtikari, nayo imekatazwa. Mwenye kudai ampe muhula mdeni aliye katika dhiki. Na mwenye mali aitoe zaka yake mapema, kabla mkulima hajauza fahali wa kulimia; kwani aliyekwisha muuza fahali wake, hata mvua ikirejea hana cha kulimia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuteremshie mvua yenye manufaa, isiyo ya maangamizi, na atujaalie tuwe wepesi wa kutoa. Amin.

Wabillahi tawfiki.