Sadaka ya Gorogoro Moja

Wapendwa akina mama na wazee, tukisikia sadaka za Waisraeli wa kale tunafikiria damu tu, tena mifugo ya tajiri. Hebu fungueni Mambo ya Walawi, sura ya 5. Aliyetenda kosa alileta kondoo au mbuzi jike. Hana uwezo? Alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na hao wakimshinda je? Basi ni unga, sehemu ya kumi ya efa, yaani kama gorogoro moja hivi, bila mafuta wala ubani. Kuhani alichoma konzi moja madhabahuni, na yule maskini akasamehewa sawa na mwenye mbuzi. Si nusu msamaha!

Sasa Luka 2:24. Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto Yerusalemu walitoa ndege, ile sadaka ya mama asiyemudu mwana-kondoo. Na huyo waliyembeba ndiye tunayemwita Mwana-kondoo wa Mungu! Waebrania sura ya 10 yasema alijitoa mara moja tu, ikatosha.

Kuna mama mwenzetu aliacha kuja ibadani kwa kuona haya, hana cha kutoa. Nani atapita kwake leo?