Kiapo Kabla ya Kiti: Somo la Urithi wa Watemi wa Brabant



Nimeombwa nizungumze juu ya urithi wa madaraka. Mniruhusu niwapeleke mbali, katika utemi wa Brabant huko Ulaya, ambao ardhi yake leo imegawanyika kati ya Ubelgiji na Uholanzi. Zaidi ya miaka 600 iliyopita, watu wa huko walitambua jambo moja: mtawala huwa msikivu zaidi siku ile ambayo bado hajakikalia kiti.

Mwaka 1312 mtemi Jan wa Pili alikuwa mgonjwa, na mrithi wake alikuwa mtoto. Hazina ilielemewa na madeni, nayo fedha ilikuwa mikononi mwa miji. Ndipo ilipopatikana Hati ya Kortenberg, iliyounda baraza la makabaila wanne na wajumbe kumi wa miji, ili lichunge haki na desturi za nchi.

Mtoto yule, Jan wa Tatu, alitawala hadi Desemba 1355. Wanawe wa kiume walikuwa wamekwisha kufa. Akaacha mabinti watatu, na wakwe watatu wenye tamaa. Urithi ulimwangukia Johanna, binti mkubwa, aliyeolewa na Wenceslaus wa Luxembourg. Watu wakajiuliza: Je, nchi itagawanywa kama mali ya marehemu? Je, tutatawaliwa na wageni?

Hawakungoja kujibiwa. Januari 1356, kabla ya kupokewa kuwa watawala, Johanna na mumewe waliapa kuitii hati iitwayo Kuingia kwa Furaha. Utemi usigawanywe. Vyeo vya nchi wapewe wenyeji. Mtawala asianzishe vita wala asifue sarafu pasipo ridhaa ya nchi. Na kifungo kilichokuwa moyo wa hati yote: akivunja kiapo, raia hawawajibiki kumtii mpaka atakapojirekebisha.

Ndugu zangu, msidhani kwamba wino ulimaliza kazi. Mwaka huohuo Louis wa Male, mtawala wa Flanders na mume wa dada yake Johanna, aliivamia Brabant akidai haki za mkewe. Brussels ikatekwa Agosti, na ni wenyeji wenyewe, wakiongozwa na Everard t'Serclaes, walioikomboa Oktoba. Hata hivyo, kwa mapatano ya 1357, Antwerp na Mechelen zilikwenda kwa Louis. Nchi iliyoapiwa kutogawanywa ikamegwa.

Je, hati ilikuwa bure? La. Mwaka 1420 Jan wa Nne alipotawala vibaya, wajumbe wa nchi walikutana wakamweka kando, wakamkabidhi utawala nduguye Philips kwa muda. Mwaka 1422 uwezo huo ukaandikwa rasmi. Na mwaka 1789, Kaisari Joseph wa Pili alipoifuta hati ile, watu wa Brabant waliasi, na majeshi yake yakaondoka Brussels kabla mwaka haujaisha.

Siwapambii historia. Haikuwa demokrasia. Waliokaa mezani ni maabati, makabaila na matajiri wa mijini. Mkulima, aliyewalisha wote, hakuulizwa. Hati inayolinda wachache ni haki nusu, na haki nusu huacha deni kwa vizazi vijavyo.

Lakini jambo moja walilishika barabara. Kila mrithi, awe mpole au mkali, mwenyeji au mgeni, alipaswa kuapa kwanza ndipo apokewe. Hawakuuliza tu, "Nani atarithi?" Waliuliza pia, "Atarithi kwa masharti gani?" Swali la kwanza humchagua mtu, la pili huilinda nchi dhidi ya yeyote atakayechaguliwa.

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Mimi kama mwanasheria naongeza: deni hulipwa pale mdai anapolikumbuka. Watu wa Brabant walikumbuka kwa zaidi ya miaka 400.